Kuhama njia barabarani: Sheria ni moja, hasara ni ya mwenye lori

Kazi ya kupanua barabara kuu ya Rironi–Nakuru–Mau Summit nchini Kenya, iliyozinduliwa Novemba 2025, inasubiriwa kwa hamu na wasafirishaji wanaotumia Bandari ya Mombasa. Kipande hicho cha takriban kilomita 175 ndicho kinachobeba mizigo ya Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo, na foleni zake zimewagharimu wafanyabiashara kwa miaka mingi. Kikikamilika kitakuwa na njia 4, na sehemu nyingine njia 6.

Si Kenya peke yake. Barabara ya Kimara hadi Kibaha, inayopitisha mizigo inayotoka Bandari ya Dar es Salaam, tayari imepanuliwa kuwa na njia 8, na Tanzania ina mpango wa kujenga barabara ya kulipia kutoka Kibaha hadi Morogoro. Uganda ilifungua barabara ya kasi ya Kampala–Entebbe mwaka 2018. Kenya ilitangulia na barabara ya Thika mwaka 2012, ikafuatia barabara ya juu ya Nairobi yenye kilomita 27 mwaka 2022.

Kwa mfanyabiashara hizi ni habari njema. Hata hivyo, barabara pana ina gharama yake, ambayo mara nyingi haimo katika hesabu za safari. Katika barabara ya njia mbili, ajali inayoogopwa zaidi ni ya magari kugongana uso kwa uso. Pale magari yanayokwenda na yanayorudi yanapotenganishwa, ajali ya aina hiyo hupungua. Inayobaki ni ya ubavuni: gari moja linahama njia, jingine lipo tayari kwenye njia hiyo, na tela la tani 30 linamalizia kazi.

Hapo ndipo linapoibuka swali ambalo polisi, kampuni ya bima na mahakama wote wataliuliza: nani alipaswa kumpisha nani?

ANAYEHAMA NDIYE ANAYEPISHA

Jibu ni fupi. Gari lililo ndani ya njia yake lina haki ya kuendelea. Gari linalotoka njia moja kwenda nyingine ndilo linalopaswa kusubiri mpaka nafasi ipatikane.

Msingi huo umo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usalama barabarani, ambao Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa wanachama wake. Mkataba unamtaka dereva anayetaka kuhamia upande mwingine ahakikishe kwanza kwamba hatawahatarisha walio nyuma yake, walio mbele yake na wanaokuja, kwa kuzingatia walipo, wanakoelekea na mwendo wao. Baada ya kuhakikisha hivyo ndipo atoe ishara, kisha ahame. Iwe dereva yuko Nakuru, Morogoro, Masaka au Kigali, wajibu ni uleule.

Pamoja na wepesi wa kanuni hiyo, barabarani kuna imani tatu zinazoipinga kila siku.

Ya kwanza ni kwamba indiketa inatoa ruhusa. Dereva anawasha taa, anahesabu moja, mbili, anahama, na akigongwa anasema, "Nilionyesha." Indiketa ni taarifa kwa wengine juu ya jambo unalokusudia kufanya. Haimlazimishi aliye kwenye njia yake akupishe, wala haimwondolei anayehama wajibu wa kusubiri.

Ya pili ni kwamba aliyetanguliza pua ameshinda. Huku ndiko kuchomekea, jambo ambalo dereva yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi analijua. Kwenye foleni ya mwendo wa kobe huishia kwa honi na maneno makali. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, pua iliyotangulia haithibitishi haki yoyote, bali inaonyesha nani alikuwa anahama.

Ya tatu ni kwamba mkubwa hupishwa. Kwa vitendo magari madogo hupisha malori kwa sababu ya woga. Kwa sheria, ukubwa wa gari hauongezi haki yoyote.

Ni kweli pia kwamba aliye ndani ya njia yake hana uhuru wa kufanya apendavyo. Anayepitwa hatakiwi kuongeza mwendo ili kumfungia mwenzake, na aliyeona hatari akaendelea kwa ukaidi anaweza kubeba sehemu ya lawama. Aidha, magari mawili yakihamia kwa pamoja njia ya katikati, moja likitoka kushoto na jingine kulia, yote mawili ni wahamaji na yote yana wajibu wa kujihakikishia usalama. Hakuna mwenye njia hapo.

TATIZO LA MLIMANI

Sehemu inayowasumbua zaidi wenye malori ni ile ambayo njia yenyewe inakwisha. Kwenye milima mingi ya ukanda huu kumeongezwa njia ya ziada ya magari mazito, ili mengine yapite bila kuvuka mstari wa katikati. Lori lililobeba linabaki kushoto na kupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Kileleni njia ya ziada inakwisha, na mara nyingi inayokwisha ni ileile ya kushoto, yaani ya lori.

Kwa kanuni iliyoelezwa hapo juu, ambaye njia yake imekwisha ndiye anayehama, na kwa hiyo ndiye anayepisha. Wakati huo huo, ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kusimama na kuondoka tena. Akisimama, anaanza na gia ya chini kabisa mbele ya msururu wa mabasi yaliyokwisha kuchukua kasi. Asiposimama, anaingia kwa nguvu na kutumaini kwamba wengine watafunga breki.

Nchini Ujerumani sheria inataka magari yaingie kwa zamu pale njia inapokwisha, moja la huku na moja la kule, mfano wa meno ya zipu. Katika ukanda huu dereva wa lori hawezi kutegemea kupishwa kwa namna hiyo. Anachoweza kutegemea ni alama za mishale barabarani, ambazo ndizo zinazoonyesha njia ipi inakwisha, na taa alizowasha mapema. Wakati barabara mpya zinajengwa, vyama vya wasafirishaji vina sababu ya kuwauliza wahandisi swali moja mapema: kileleni, nani atampisha nani, na mchoro unasema hivyo kwa rangi na vibao?

HESABU YA SEKUNDE 30

Kwa nini suala hili liwaguse wenye mali na si madereva tu? Hesabu ndogo inatosha kueleza.

Chukua lori lenye urefu wa mita 17 linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha magari mazito nchini Tanzania. Linataka kulipita lori jingine la urefu huohuo linalokwenda kilomita 70. Likiacha nafasi ya mita 25 kabla ya kupita na mita 25 baada ya kupita, linahitaji kulizidi mwenzake kwa mita 84. Kwa tofauti ya kilomita 10 kwa saa, kazi hiyo inachukua sekunde 30. Katika muda huo lori linalopita limesafiri takriban mita 670.

Kwenye barabara ya njia mbili, gari linalokuja kutoka mbele kwa mwendo uleule wa 80 nalo limesafiri mita 670. Dereva anahitaji basi kuona zaidi ya kilomita 1 na robo ya barabara tupu kabla ya kuthubutu. Sehemu chache za milima na kona zinatoa nafasi hiyo.

Kwenye barabara ya njia 4 hakuna anayekuja uso kwa uso, lakini zile sekunde 30 hazijapungua. Gari dogo linalokuja nyuma kwa kilomita 110 kwa saa linakula mita 8 za pengo kila sekunde. Lililokuwa mita 50 nyuma dereva alipotazama kioo liko ubavuni mwa tela sekunde 6 baadaye. Dereva aliyetazama mara moja, akabadili gia, kisha akahama bila kutazama tena, amehamia juu ya gari ambalo hakuliona.

Faida ya kupita nayo inahesabika. Lori lililobaki nyuma ya mwenzake kwa kilomita 70 kwa saa badala ya 80 linapoteza dakika 11 kwa kila kilomita 100. Mfanyabiashara anaweza kuzilinganisha dakika hizo na muda ambao lori lake husubiri kwenye mizani na mpakani.

MPAKANI, HATARI INABADILI UPANDE

Kwa biashara ya kuvuka mipaka kuna jambo jingine ambalo dereva wa mjini halijui. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi wanachama 8. Kenya, Uganda na Tanzania zinaendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia zinaendesha kulia. Waliozoea kuiona Jumuiya kama eneo la kuendesha kushoto wako katika kundi la nchi chache.

Maana yake ni kwamba lori linabadili upande wa barabara Rusumo na Kabanga kwa mizigo ya Dar es Salaam, Katuna na Elegu kwa mizigo ya Mombasa, na vilevile kwenye vituo vya mpakani mwa Uganda na Kongo. Kwenye njia ya shaba, mabadiliko hayo hufanyika Kasumbalesa, kati ya Zambia na Kongo. Mpakani kila dereva anakumbuka kubadili upande. Kitu ambacho hakibadiliki ni mahali usukani ulipo.

Lori lenye usukani wa kulia likiwa Tanzania, dereva anakaa karibu na katikati ya barabara. Akitaka kupita anahamia kulia, upande wake mwenyewe, na anaona vizuri. Hatari yake iko wakati wa kurudi kushoto, kwa sababu huko ndiko kwenye eneo ambalo vioo havionyeshi, na ndiko bodaboda hupenyeza.

Lori hilohilo likivuka Rusumo, dereva yuleyule sasa anakaa pembeni, karibu na bega la barabara. Akitaka kupita anapaswa kuhamia kushoto, upande asiouona. Ili ajue kama kuna gari linalokuja, analazimika kutoa sehemu kubwa ya kichwa cha lori nje ya njia yake. Wakati wa kurudi, sasa anarudi upande wake na anaona vizuri.

Kwa maneno mengine, nyumbani hatari iko kwenye kurudi, na ng'ambo hatari iko kwenye kutoka. Dereva mwenye uzoefu wa miaka 20 wa kuwa mwangalifu wakati wa kurudi anavuka daraja akiwa na mazoea yasiyomsaidia. Malori yenye usukani wa kushoto yanayotoka Kigali kwenda Dar es Salaam yanakutana na shida ileile: yakiingia Tanzania, kutoka kwenda kulia ndiko kusikoonekana.

Serikali zimelifahamu tatizo hili kwa muda mrefu. Rwanda ilipiga marufuku uingizaji wa magari yenye usukani wa kulia mwaka 2005, lakini mwaka 2014 ikalegeza kamba kwa malori makubwa. Mizigo ya nchi isiyo na bahari inategemea malori yanayofika pwani, na sehemu kubwa ya malori ya ukanda huu yana usukani wa kulia. Biashara ilishinda hoja ya usalama, na tofauti hiyo aliachiwa dereva aibebe.

Anayemsaidia ni utingo. Akikaa kiti cha upande wa pili, anaona kile ambacho kioo hakionyeshi. Hata hivyo, kampuni zinazopunguza gharama huanza na utingo. Na hata akiwepo, neno lake la "twende" halihamishi wajibu. Mbele ya sheria, aliyeshika usukani ndiye aliyehama njia.

NANI ANALIPA?

Ajali ya ubavuni mara nyingi haiui biashara siku ile ile. Inaiua taratibu, kwa siku zinazofuata.

Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo malori mengi hubeba, inagharamia madai ya watu wengine kwa mujibu wa sheria za nchi ajali ilipotokea. Hailipi lori lenyewe wala mzigo uliomo. Lori linahitaji bima kubwa inayotambua safari za nje, na mzigo unahitaji bima yake ya safarini. Mfanyabiashara anayedhani kwamba kadi aliyoonyeshwa na msafirishaji inalinda shehena yake anagundua ukweli akiwa amechelewa.

Wakati gari limezuiwa kituoni kusubiri ukaguzi na ripoti ya polisi, kontena halirudi. Siku za bure zilizotolewa na kampuni ya meli zikiisha, gharama ya kuchelewa huanza kuhesabiwa kila siku. Dhamana ya forodha nayo hubaki wazi mpaka mzigo ufike na karatasi zifungwe, na fedha au nafasi ya dhamana iliyoshikiliwa haiwezi kutumika kwa mzigo mwingine. Kama kuna majeruhi, dereva anaweza kubaki nchi ya watu akisubiri kesi, mbali na familia yake, pengine kwa lugha asiyoielewa.

Lawama yenyewe pia si rahisi kuikwepa. Nchini Kenya, mahakama zikishindwa kutambua nani alikosa, huweza kugawa lawama nusu kwa nusu. Alama za mgongano zinapoonyesha tela limeingia njia ya jirani, maneno ya dereva pekee hayatoshi. Kamera ndogo ya mbele, na nyingine ya ubavu usioonekana, inaweza kuwa shahidi pekee asiyebadili maelezo.

HARAKA INAANZIA OFISINI

Ni rahisi kumlaumu dereva. Lakini kiuchumi, dereva hufanya kile anacholipwa kukifanya. Anayelipwa kwa safari, na kupewa mileji ya kiasi kilekile iwe safari ni ya siku 4 au 7, ana kila sababu ya kufidia barabarani siku aliyoipoteza mpakani. Mwenye mzigo anayempigia simu kila baada ya saa moja kuuliza "umefika wapi?" anaongeza shinikizo, na mara nyingine anaipiga simu hiyo wakati dereva anatakiwa kuwa anatazama kioo.

Ndiyo maana hatua zenye faida kwa haraka ziko mikononi mwa wamiliki na wenye mizigo wenyewe:

Kwanza, lori linalovuka kwenda nchi inayoendesha upande mwingine liwe na kioo cha ziada au kamera upande wa abiria, na utingo awemo.

Pili, dereva mpya wa njia hiyo asiende peke yake safari ya kwanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeandaa mtaala wa pamoja wa madereva wa magari makubwa ya biashara, na mwajiri anaweza kuuliza kama dereva wake ameupitia.

Tatu, mkataba kati ya mwenye mzigo na msafirishaji uandike wazi nani anabeba gharama ya kontena lori likizuiwa baada ya ajali. Ukimya wa mkataba ndio unaozaa kesi.

Nne, kabla ya safari isomwe Kadi ya Njano: tarehe zake, na kama nchi zote za safari zimo.

Tano, kanuni ya ofisi kuhusu kuhama njia iwe moja na fupi: kioo, indiketa, kioo tena, kisha hama. Ikiwa una shaka, baki ulipo.

Barabara mpya zitakuja na njia nyingi zaidi, tozo, na magari yenye kasi kubwa kuliko yaliyopo leo. Zitapunguza saa za safari kwa anayezitumia kwa nidhamu. Dakika 11 kwa kila kilomita 100 ni hasara ambayo biashara inaweza kuibeba. Lori lililolala wiki mbili kwenye uwanja wa polisi ng'ambo ya mpaka, likiwa na mzigo wa mtu, ni hasara ambayo kampuni nyingi ndogo za ukanda huu haziwezi.